Kompyuta ya kupigia picha sayari nje ya mji: ya gemu, ya mtumba au mpya ya dukani?

SWALI

Ndugu mshauri, salaam.

Ninafundisha fizikia katika sekondari moja hapa Dodoma na ninasimamia klabu ya wanafunzi ya kutazama anga. Tuna darubini ya Skymax 127 juu ya stendi ya mota ya AZ-GTi, na sasa tumepata kamera ya sayari ya rangi, ya USB 3, yenye kihisi cha pikseli 1920 kwa 1080. Maelezo yake yanasema inafikia fremu kama 100 kwa sekunde. Kwenye kompyuta mpakato yetu ya zamani, yenye RAM ya GB 4, programu ya kunasa video, SharpCap, inaonyesha fremu 18 tu, hata nikipunguza muda wa mwanga. Tukaazima kompyuta ya ofisi yenye RAM ya GB 8. Ilianza vizuri, fremu 100 kamili, lakini baada ya nusu dakika hivi hesabu ya fremu zilizodondoka ikaanza kupanda na haikusimama.

Shule imetenga shilingi milioni moja, na kuna kompyuta tatu zinazoingia humo. Ya kwanza ni ya gemu, ya mtumba: i7-7700HQ, kadi ya grafiki ya NVIDIA, RAM GB 16, SSD GB 512. Anaiuza shemeji yangu, naye anasema kazi ya picha bila kadi ya grafiki ni kujisumbua bure. Ya pili ni ThinkPad T480 ya mtumba: i5-8350U, RAM GB 8, SSD GB 256. Ya tatu ni mpya kabisa, Celeron, RAM GB 4, hifadhi ya eMMC ya GB 128. Mhasibu wetu anaitaka hiyo ya tatu kwa sababu ina dhamana ya mwaka mmoja.

Tunatazamia nje ya mji pasipo umeme, saa tano hadi sita kwa usiku mmoja. Kuna vumbi na upepo. Betri ya kompyuta ya zamani inadumu dakika 40. Tungependa pia hiyo hiyo itufae Agosti 2027 Jua litakapopatwa. Nichukue ipi, na nikague nini kabla ya kulipa?

Mwalimu wa klabu, Dodoma

JIBU

Mwalimu, chukua ThinkPad. Ila usilipe kabla hujaifanyia majaribio nitakayoyaeleza, na usimalizie milioni yote kwenye kompyuta yenyewe. Bakiza fedha za betri, za SSD kubwa zaidi na za chaja ya gari.

Namba ulizotuma zimeshaeleza ugonjwa, kwa hiyo tuanze nazo. Fremu moja ya pikseli 1920 kwa 1080, ikihifadhiwa kwa biti 8, ina baiti 2,073,600, yaani MB 2 na ushei. Fremu 18 kwa sekunde ni MB 37. Tundu la USB 2, katika matumizi halisi, hupitisha MB 35 hadi 40 kwa sekunde, basi. Kamera yenu kwenye kompyuta ya zamani imechomekwa kwenye tundu la USB 2, au inapita kwenye kebo ya USB 2. Hata ungeshusha muda wa mwanga hadi milisekunde moja, zingebaki 18 zile zile, kwa sababu kinachobana si mwanga.

Kompyuta ya ofisi ina shida nyingine. Fremu 100 ni MB 207 kila sekunde, na tundu la USB 3 linazimudu bila taabu. Kilichoshindwa ni diski. Diski ya kuzunguka ya kompyuta mpakato huandika MB 80 hadi 120 kwa sekunde. Zinazobaki huwekwa kwenye RAM zikisubiri zamu, na zikirundikana kwa zaidi ya MB 100 kila sekunde, nusu dakika inatosha kujaza GB 3 na kitu zilizokuwa wazi. Kuanzia hapo fremu isiyopata nafasi hutupwa. Hii ndiyo njia ya kutambua chanzo siku zote: fremu zikidondoka tangu sekunde ya kwanza, shuku tundu, kebo au habu (kigawanyio cha USB), zikianza kudondoka baada ya muda, shuku diski.

Kwa hiyo usiku ule wa kazi kompyuta ni mfereji tu. Data inaingia kwa USB na kutokea kwenye diski, na akili nyingi haihitajiki katikati. Kazi ya akili, yaani kuchagua fremu bora kati ya maelfu na kuzirundika ziwe picha moja, inafanyika kesho yake mezani, umeme upo na hakuna haraka.

Hapo ndipo hoja ya shemeji inapokosa nguvu. Kadi ya grafiki haisaidii kunasa hata fremu moja ya ziada. AutoStakkert, inayorundika fremu za sayari, inatumia prosesa. Kuna programu za kusafisha picha za nebula (mawingu ya gesi angani) zinazofaidika sana na kadi ya NVIDIA, lakini darubini kama yenu, yenye urefu wa fokasi wa milimita 1500, kwenye stendi ya AZ-GTi si chombo cha nebula. Prosesa ya aina ya H pamoja na kadi ile vinakula umeme mwingi hata vikiwa vimetulia, na chaja yake ni tofali zito ambalo mara nyingi halikubali USB-C. Halafu i7-7700HQ ni ya kizazi cha 7. Windows 11 haiitambui rasmi, na Windows 10 iliacha kupata masasisho ya kawaida ya usalama tarehe 14 Oktoba 2025. Muuzaji atakuambia “i7 ni i7”. Soma tarakimu ya kwanza baada ya kistari: 7 ni kizazi cha 7, 8 ni cha 8, na mpaka uko hapo kwenye 8. i5-8350U iko upande salama.

Ile ya Celeron iacheni, pamoja na dhamana yake. eMMC ni chipu iliyogandishwa kwenye ubao, huwezi kuibadilisha, na uandishi wake uko mbali na MB 207. RAM ya GB 4 ikishaliwa na Windows yenyewe haibaki nafasi ya kusubirisha kitu. Mashine nyingi za daraja hilo pia huja na Windows katika hali ya S, ambayo haikubali programu za nje ya duka la Microsoft mpaka uitoe kwenye hali hiyo. Mhasibu mwombeeni risiti na dhamana ya maandishi ya miezi mitatu kutoka duka la mtumba. Maduka makini hutoa. Kama kuna atakayekuletea wazo la Chromebook, tableti au kompyuta ya Windows yenye prosesa ya Snapdragon, jibu ni hapana kwa zote tatu, kwa sababu ya draiva. Kompyuta ya Snapdragon inaweza kuendesha programu za kawaida kwa kuigiza, ila draiva ya kamera haiigizwi. Mac ni mashine nzuri, lakini programu za kunasa za SharpCap na N.I.N.A., pamoja na ASCOM, mfumo wa kuunganisha vifaa vya darubini, ni vya Windows. Kwenye Mac ungebaki na FireCapture na wachache wengine.

Kabla ya kwenda dukani, jambo moja linaloweza kukuokoa hata leo usiku na kompyuta ile ile ya zamani. Kwa darubini ya milimita 1500 na pikseli za mikromita 2.9 ambazo ndizo za kawaida kwenye kamera za ukubwa huo, kila pikseli inafunika sekunde 0.4 za tao, kipimo cha upana wa vitu angani. Mshtarii (Jupita) akiwa karibu nasi ana kipenyo cha sekunde kama 45. Gawanya: sayari nzima ina upana wa pikseli 110 hivi. Zohali (Saturn) na pete zake ni karibu hivyo hivyo. Unahifadhi pikseli milioni mbili ili upate mduara wa pikseli 110! Kwenye SharpCap au FireCapture kata eneo la kunasa liwe 400 kwa 400. Fremu inashuka hadi baiti 160,000, fremu 100 kwa sekunde zinakuwa MB 16, na video ya dakika mbili inakuwa chini ya GB 2. Hizo hata USB 2 na diski ya kuzunguka zinapitisha. Usivuke sana dakika mbili au tatu kwa Mshtarii, maana anajizungusha kwa saa 9 na dakika 55 tu, na alama zake zitaanza kuvutika.

Hakikisha pia unahifadhi kwa RAW8, yaani data ghafi ya biti 8, katika faili la SER. Ukichagua RGB24, kila fremu inakua mara tatu kwa rangi ambazo programu ya kurundika ingeweza kuzitengeneza yenyewe baadaye. RAW16 inaongeza data mara mbili, na kwa sayari yenye kelele nyingi kwenye kila fremu haileti faida ya kuonekana.

Mwezi ndio unaotaka kompyuta mpya. Kwenye kipimo chenu Mwezi una upana wa pikseli 4500 na zaidi, kwa hiyo unatumia kihisi chote na kupiga vipande vipande. Hapo unarudi kwenye MB 207 kwa sekunde, GB 12 na nusu kwa dakika. SSD ya GB 256, ukishatoa Windows na programu, inabaki na nafasi ya GB 180 hivi. Hiyo ni dakika 14 za Mwezi, basi imejaa. Ndiyo maana nasema bakiza fedha za SSD ya TB 1. Fungua kwanza kifuniko cha chini ujue ndani kuna aina gani, kwa kuwa T480 nyingine zina SSD ya SATA ya inchi 2.5 na nyingine zina M.2 kwenye fremu yake. SATA nzuri huandika karibu MB 500 kwa sekunde, inatosha kabisa. Jihadhari na SSD za bei ya kutupwa: huandika haraka kwa GB chache za mwanzo, sehemu yake ya haraka ikijaa zinashuka ghafla hadi kasi ya diski ya kuzunguka, na mnarudi kwenye ugonjwa wa ofisini.

RAM ya GB 8 inatosha kunasa. Ukiongeza hadi GB 16 utafurahi zaidi mchana wakati wa kurundika, lakini hiyo ingoje fedha nyingine.

Sasa umeme, ambao kwenu ni nusu ya uamuzi. T480 yenye mwanga wa skrini uliopunguzwa, kamera ikila kupitia USB, hutumia wati 10 hadi 15. Chukua 12. Saa sita ni Wh (wati-saa) 72. T480 ina betri mbili: moja ya ndani ya Wh 24, na nyingine ya nyuma inayochomolewa, ya Wh 24, 48 au 72 kutegemea uliyonunua. Ya ndani pamoja na ile ya Wh 72 ni Wh 96 zikiwa mpya, yaani hata zikichoka hadi robo tatu, usiku wenu unaisha bila chaja. Unaweza pia kuchomoa ya nyuma na kuweka nyingine bila kuzima kompyuta, maana ya ndani inaishikilia. Tatizo ni kwamba za mtumba mara nyingi huja na ile ndogo ya nyuma, tena imechoka.

Usikubali neno la muuzaji kuhusu betri. Fungua Command Prompt, andika powercfg /batteryreport, bonyeza Enter. Windows itatengeneza faili la battery-report.html na kukuonyesha lilipo. Lifungue, tafuta DESIGN CAPACITY na FULL CHARGE CAPACITY za kila betri. Kama moja inasema 24,000 na nyingine 13,000, betri hiyo imebaki na asilimia 54, na bei ishuke. Betri mpya za bandia zinaweza kudanganya hata kwenye ripoti hii, hivyo ukinunua mpya ipime kwa saa: ichaji ijae, rekodi video hadi ikate, uone.

Ziada ya umeme usiitafute kwenye inveta. Inveta inapandisha volti 12 hadi 230, halafu chaja inazishusha tena hadi 20, na njiani asilimia 10 hadi 15, au zaidi kwa inveta duni, inapotea kama joto. Chukua chaja ya gari ya USB-C yenye PD (mfumo wa USB wa kuchaji kwa nguvu kubwa) ya wati 65, ichomeke kwenye tundu la volti 12. Betri ya lithiamu-chuma-fosfeti ya volti 12.8 na Ah 20 ina Wh 256, inatosha kuichaji kompyuta kwa usiku kadhaa na kuendesha AZ-GTi pia. Betri ya asidi ya mfumo wa sola itafaa vilevile, ila usiishushe chini ya nusu, la sivyo itakufa mapema. Betri inayowasha gari la kurudi nyumbani msiiguse. Pawabenki ya simu ya kawaida haichaji kompyuta hii. Lazima iandikwe PD na itoe volti 20, wati 45 au zaidi. Ya mAh 20,000 ina Wh 74 kwenye karatasi, na kompyuta itapata kama 60.

Dukani nenda na kamera, kebo yake na draiva kwenye flashi. Huhitaji anga. Kamera iliyofunikwa kofia inatoa data ile ile, kwa sababu fremu ghafi hazibanwi. Sakinisha draiva kwanza, halafu SharpCap, ndipo uchomeke. Weka kihisi chote, RAW8, muda wa mwanga milisekunde 5. Chomoa chaja, kwa maana kompyuta nyingi hupunguza kasi zikiwa kwenye betri, nawe utafanya kazi kwenye betri. Rekodi dakika mbili nzima, kama GB 25, huku ukitazama hesabu ya fremu zilizodondoka. Rudia kwenye kila tundu la USB. Matundu ya USB 3 huwa na plastiki ya bluu au herufi SS, lakini si rangi inayothibitisha, ni namba ya fremu. Fremu zikiwa chache kuliko ulivyotarajia bila kudondoka, ongeza taratibu kipimo cha kasi ya USB kwenye mipangilio ya kamera, zikidondoka, kipunguze.

Ukimaliza kurekodi, jaribu kuchaji kwa USB-C. T480 na ndugu zake wa miaka ile walikuwa na firmware (programu ya ndani ya kifaa) ya Thunderbolt iliyoweza kuua tundu la USB-C, na Lenovo walitoa sasisho la kuirekebisha. Tundu likikataa kuchaji, iache mashine hiyo. Likikubali, weka sasisho hilo siku ya kwanza. Malizia na CrystalDiskInfo, ya bure, uone saa ambazo SSD imefanya kazi na afya yake.

Kebo isizidi mita 2, na usipitishe kamera kwenye habu isiyo na umeme wake. Kuna jambo jingine kuhusu USB 3 ambalo linawahusu ninyi hasa: nyaya zake hutoa kelele ya redio kwenye GHz 2.4, na AZ-GTi inaongozwa kwa Wi-Fi ya GHz 2.4 hiyo hiyo. Kebo ya kamera ikining'inia ubavuni mwa stendi, mawasiliano yanaweza kukatika na darubini ikaacha kukutii. Ipitishe upande mwingine, au iongoze stendi kwa simu iliyo karibu.

Baada ya kununua, zima vitu vinavyoiba kasi. Weka mpango wa umeme usiolaza kompyuta, na kufunga kifuniko kusifanye chochote. Zima USB selective suspend. Hiyo ndiyo huzima kamera katikati ya video. Simamisha masasisho ya Windows kabla ya kutoka nyumbani. Tengeneza folda ya video nje ya Documents na Desktop ili OneDrive isijaribu kuzipakia, kisha iondoe folda hiyo kwenye ukaguzi wa Windows Defender, maana la sivyo kila faili linalozaliwa linachunguzwa. Stellarium, ramani ya anga, na draiva zote sakinisha ukiwa na intaneti, halafu zima Wi-Fi na ufungue kila kimoja uone kama kinaamka. Ukiwa umeunganishwa na AZ-GTi huna intaneti.

Saa ya kompyuta ioanishe siku ile ile. Mkitaka kutumia WinJUPOS kuunganisha video kadhaa za Mshtarii, sayari inageuka nyuzi 0.6 kwa kila dakika, na kosa la dakika tano tayari linahamisha kila alama kwa nyuzi tatu. Programu hiyo inataka saa ya UT (saa moja ya dunia nzima), ambayo kwetu ni kutoa tatu kwenye saa yetu ikiandikwa kwa mtindo wa saa 24. Wanafunzi wafundishe hivi: saa nane usiku wa kuamkia Jumapili ni 02:00, kwa hiyo UT ni 23:00, na tarehe bado ni ya Jumamosi. Wengi hukosea tarehe, si saa.

Vumbi la Dodoma huingia kupitia feni. Usiweke kompyuta chini wala juu ya kitenge. Feni iko tumboni, na kitambaa kitaiziba. Kreti ya plastiki iliyolazwa ubavu juu ya meza, mdomo ukiwa mbali na upepo na mbali na darubini, inafaa sana. Inazuia pia mwanga. Juu ya skrini bandika karatasi nyekundu ya plastiki, tabaka mbili, kwani mpangilio wa rangi ya usiku wa Windows peke yake haufiki kwenye giza ambalo macho yanahitaji. Kioo cha LCD huvujisha mwanga hata kikionyesha nyeusi. Msimu wa mvua utaona faida nyingine: wadudu hawaufuati mwekundu kama wanavyoufuata mweupe. Mkienda sehemu za baridi na umande kama Lushoto, fungeni kompyuta ndani ya begi kabla ya kuiingiza nyumbani, na iachwe humo ipate joto taratibu, ili unyevu usitande ndani yake.

Kupatwa kwa Jua kwa tarehe 2 Agosti 2027 kutakuwa kamili kwenye ukanda unaopita Hispania, Afrika Kaskazini, Misri, Saudi Arabia, Yemen na Somalia. Karibu na Luxor giza litazidi dakika sita. Dodoma mtaona kupatwa kwa sehemu, mchana. Kihisi chenu kina kimo cha milimita 3.1 tu, na Jua kwenye darubini ya milimita 1500 lina upana wa karibu milimita 14. Mtapata ukingo na pembe za kivuli, si Jua zima. Kwa Jua zima tafuteni lenzi ya milimita 300, inayotoa duara la milimita 2.8. Vyovyote iwavyo, kichungi cha Jua kinakaa mbele ya darubini, kikifunika mdomo wote na kufungwa kwa gundi ya karatasi ili upepo usiking'oe, na darubini ndogo ya kulengea iondolewe kabisa. Kichungi cha kukaza kwenye kijicho (lenzi ya kutazamia) hupasuka kwa joto. Msikitumie hata kwa sekunde.

Skrini za T480 si kali, na juani hutaona fokasi. Kata boksi la kadibodi litoshee kompyuta, paka ndani rangi nyeusi, funika mdomo kwa kitambaa cheusi, na anayefokasi aingize kichwa humo. Toboa boksi upande ambao feni inatolea joto. Mashine ikichemka prosesa inajipunguzia kasi na fremu zinaanza kudondoka, mara nyingi baada ya dakika 20 au 30, kwa hiyo fanyeni zoezi la saa nzima kwenye jua la saa nane mchana miezi michache kabla, mkipiga madoa ya Jua, na mrekodi kwa sekunde 20 kila baada ya dakika tano badala ya kuacha video ndefu ikimbie.